Amina Niliyoitikia Juu ya Trekta

Nichekeni tu, nimejitakia. Walisema trekta dogo la shamba la serikali haliwezi kuendeshwa ila na dereva kutoka Unguja. Mimi, Mpemba wa Kiuyu, nikaapa nitawaonyesha. Nikajaza tela samadi ya farasi na nyasi walizolalia, niipeleke shamba, nikashika njia ya Tibirinzi, shingo nimeikaza, sigeuki nyuma.

Ulikuwa msimu wa karafuu, zimeanikwa majamvini kando ya njia. Watu waliponiona wakakimbilia kuyavuta majamvi yao. Nikasema moyoni, heshima hiyo! Mbele kidogo, karibu na kufika shamba, Bi Time, bibi mmoja mtu mzima, akainua mikono yote miwili, midomo inamcheza. Kwa ngurumo ile sikumsikia, lakini dua naijua nikiiona.

"Amina, bibi!" nikapiga ukelele, nikazidisha mwendo.

Nilipofika shamba, msimamizi akazunguka nyuma. "Samadi iko wapi?"

Ubao wa nyuma ulikuwa umefunguka njiani, tela tupu.

Kabla sijamjibu, Bi Time akatokea anahema, jamvi kichwani. Akalitua miguuni pangu na kulikunjua: karafuu zake, zimechanganyika na mavi ya farasi.

"Haya, baba, kaa uchambue," akasema. "Na kila karafuu ukiitoa, itikia amina."