Nimepewa pole ya ajali ambayo haijatokea

Jamani, leo nimepewa pole mpaka nimechoka.

Mnakajua kale kagari kangu ka Kiingereza, ka zamani, ka viti viwili. Nakatengeneza mwenyewe hapa nyumbani. Juzi nikatoa milango, boneti na taa ili nianze kupiga msasa.

Nikaacha gereji wazi.

Mama Neema wa kwaya akapita, akaona. Angeuliza basi! Akaandika kwenye grupu la kanisa: "Baba Furaha amepata ajali mbaya, gari limebaki mifupa."

Mke wangu yumo kwenye grupu hilo. Anajua ukweli, ila hakumsahihisha.

Leo mchana sebule imejaa watu, na masufuria ya maharage. Mzee wa kanisa ananipapasa mbavu: "Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi, mzee. Gari nimelibomoa mwenyewe."

Wakatazamana.

Mama Neema akanong'ona, "Basi ameumia kichwa."



Wakanishika kichwa, wakaomba. Wakamwomba Mungu aipe nyumba hii gari zima, lenye milango minne.

Aliyeitikia "Amina!" kwa sauti kuliko wote ni mke wangu.