Bunduki ya Marehemu

Mwenye kibanda cha gemu pale Elerai haruhusu mteja apige risasi kabla hajasomewa habari za silaha. Hupangusa pedi ya kuchezea kwa pindo la shati, hukohoa kidogo, kisha huanza kwa sauti ya msoma somo kanisani: bunduki hii iliundwa mwezini, na mwenyewe alifia getini akilinda watoto. Namnyaki, anayecheza naye kila Jumamosi akitoka saluni, zamani alikuwa akisonya. Siku hizi anasikiliza.

Gemu ya kwanza ya mfululizo huu iliruhusu kubeba silaha zote. Ya pili ikapunguza begi. Hii ya tatu imebakiza nafasi ya silaha moja tu, na zile habari zimefutwa. Jamaa anazitoa kichwani. Jumamosi hii maadui wakawazingira.

"Kaka, tupa hilo gobole, okota ya mionzi! Tunakufa!"

Vidole vya jamaa, ambavyo havijui kutulia, vikatulia. "Siwezi kuiacha hapa chini. Ni ya marehemu."

Wakafa wote wawili. Namnyaki akashusha pumzi. "Basi tubadilishane pedi. Bunduki nitaibeba mimi, wewe pigana."

Jamaa akaipangusa tena pedi yake, akampa kwa mikono miwili.