Siku Niliyomuua Baba kwenye Fomu ya Mkopo

Watu wakinitania kuhusu jambo hili nacheka nao, lakini nikibaki peke yangu bado linanichoma, kwa hiyo nawasimulia leo mara moja, na mkishamaliza kunicheka msiniulize tena. Mimi Felista, binti wa mkulima wa kabichi wa Mgeta, nilimuua baba yangu mzazi mchana kweupe, kwenye steshenari moja nyuma ya stendi ya Msamvu, na yeye saa hiyo yuko shambani anamwagilia.

Ilikuwa hivi. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, nimefaulu, dirisha la kuomba mkopo wa chuo limefunguliwa, na hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa sababu kuna dada jirani yetu aliyefaulu kunizidi, akakosa mkopo, na sasa anauza karoti barabarani (vyeti vyake amevifunga kwenye nailoni, nimeviona kwa macho yangu). Nikashuka mjini, nikapanga foleni steshenari, na humo kwenye foleni watu wanapeana habari kwamba mwenye wazazi wote wawili anaambulia makombo, aliyefiwa ndiye anayepewa wote. Nani kawaambia, sikuuliza. Zamu yangu ikafika. Dada mwenye steshenari, anayejazia watu fomu huku anamumunya ubuyu, akauliza bila kuniangalia, "Mama yupo hai?" Nikasema yupo. "Baba?"

Nikaziona zile karoti. Nikasema, "Amefariki."

"Pole mdogo wangu," akasema, akabofya. "Cheti cha kifo utaniletea pamoja na kurasa zenye sahihi, ndipo nitume." Akanichapia kurasa, akaweka kidole chekundu cha ubuyu chini kabisa, penye maneno kwamba atakayetoa taarifa za uongo atashtakiwa. "Soma na hapo." Nikasoma, lakini nyuma yangu watu wamejaa hadi nje, na mimi nikaona aibu ya kujirekebisha mbele yao ni kubwa kuliko jela (hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo).

Njia nzima ya kupanda Mgeta ninapanga. Cheti nitajua huko mbele. Mdhamini ni mjomba Severini, kaka wa mama, nitampelekea jioni, atasaini upesi kwa furaha, na baba hataiona karatasi. Mpango mzuri kabisa, ila nilisahau kwamba mimi ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, na mjomba hasaini jambo la mtoto wa dada yake kimyakimya kama mtu anayenunua sigara. Alipozipokea zile kurasa alizikunja bila kuzisoma, akasema, "Hili ni la ukoo, Feli. Jumapili baada ya misa tutakaa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilimfuata nikamwambia kuna sehemu nimesahau kujaza, akanijibu nitaijaza mbele za watu. Jumamosi nikarudi, sikumkuta, nikaambiwa karatasi amezifungia sandukuni. Kila nikimwona baba anapita na ndoo, nilikuwa naangalia pembeni.

Jumapili uwanja wa mjomba ukajaa: bibi, mama wadogo, majirani, mwenyekiti wa kijiji na muhuri wake, na baba, ambaye ndiye aliyebeba mabenchi, amevaa koti. Sasa mjomba ni katekista, hajawahi kushika karatasi akaisoma kimoyomoyo. Akavaa miwani, akaanza. Jina la mwombaji, watu wakaitikia. Shule ya msingi, wakaitikia. Shule ya sekondari, na mimi nataka kusema mjomba ngoja, lakini wameshaitikia. "Jina la mama," akasoma, "yupo hai." Halafu akasoma jina la baba, na baba akakaa sawa, akafunga kifungo cha koti. "Amefariki," mjomba akasoma, kwa sauti ileile ya kanisani.

Bibi, ambaye masikio yake yamechoka, akauliza, "Kafa nani?" Mwenyekiti akarudisha muhuri mfukoni, akasema, "Mimi hapo sipigi." Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, nikaeleza yote, na makamasi yananitoka. Nilingoja baba anichape, au angalau anifokee. Alikunja tu mikono, mwisho akasema, "Kesho tutakwenda mjini."

Tulikwenda. Dada wa steshenari akanikumbuka, akanyoosha mkono, "Cheti cha kifo umeleta?"

"Nimemleta mwenyewe," nikasema.

Akaacha kumumunya. Foleni nzima ikageuka, halafu mmoja mmoja wakaanza kumwamkia baba, shikamoo, shikamoo, naye akawa anaitikia marahaba, kwa utaratibu, na mimi natamani nipotee. Kisha akainama karibu na yule dada, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sasa mimi nikiwa hai, huyu atakosa?"

Dada akamwambia hajui, wanaopanga wako huko juu, huenda nikapata pungufu. Baba akaitazama ile fomu, anafikiri. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, kuliko jela, kuliko Jumapili, kwa sababu nilimtazama usoni nikaona anafikiri kweli.

"Basi andika nipo," akasema. "Hicho kitakachopungua nitalima."

Kurasa mpya mjomba alizisoma tena zote, mbele ya watu walewale, na safari hii walikuja bila kuitwa. Mkopo nilipata, pungufu, na hiyo pungufu mzee anailima hadi leo. Habari za kwenye foleni sisikilizi tena. Na fomu yoyote nikipewa, hata ya zahanati, kabla sijaandika jina langu natafuta kwanza pale wanapouliza habari za baba, naandika yupo.