Mama wa Maharagwe Aliyekwenda Japani

Miaka michache baada ya uhuru, ofisi yetu ilikabidhiwa kazi ya kuipeleka Kenya kwenye maonyesho ya dunia kule Japani. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika jengo moja la serikali katikati ya jiji, msichana kutoka magharibi mwa nchi, nikiishi chumba kimoja katika mtaa wa Kangemi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona maonyesho kama hayo. Mkubwa wetu, mtu mpole aliyekaa mtaa wa matajiri wa Spring Valley, alituambia ni kama shoo ya kilimo, ila badala ya wilaya ni mataifa.

Kwa miezi mingi nilipiga barua za kuomba ngozi za chui, ngoma na magunia ya kahawa. Moyoni nilikuwa na jambo langu. Walitafutwa wasichana wa kukaribisha wageni katika banda la Kenya, nami nilikuwa nimeomba. Kila asubuhi nilijifunza kuinamisha kichwa mbele ya kioo, kama nilivyosikia Wajapani wanavyosalimiana. Orodha ilipotoka, niliipiga taipu mimi mwenyewe, nakala nne. Sikuwamo.

Siku hiyo nilirudi Kangemi kwa miguu ili watu wa basi wasinione nikilia.

Wiki hiyo hiyo mkubwa alituita. "Banda zima limejaa wanyama na kahawa," alisema. "Watu wetu wako wapi? Nataka mtu mmoja wa kufanya kazi ya mikono, wageni wamwone."

Wenzangu walitaja wacheza ngoma. Mimi nilimkumbuka mama mmoja kutoka Kitui aliyeuza maharagwe soko la Kangemi pamoja na dada yake. Mikono yake ilisuka kiondo, kikapu cha nyuzi za mkonge, hata alipokuwa akibishana na mteja. Sijui kwa nini nilimtaja. Bado nilikuwa na donge rohoni, na nilijua nikisema, ni mtu mwingine tena atakayepanda ile ndege.

Mkubwa aliniambia nikamuulize, na Jumamosi nilimwendea.

"Mama, ungependa kwenda Japani kusuka viondo?"

Alicheka. "Hiyo Japani iko mbali kushinda Kitui?"

"Mbali sana. Utapanda ndege."

"Na hii maharagwe nani atauza?"

"Mimi," nilijibu kabla sijafikiri. "Jumamosi mimi, siku zingine dada yako."

Ndipo alipoacha kusuka na kunitazama vizuri.

Paspoti ilitusumbua. Alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, na karani alitaka tarehe kamili. Mwishowe mama alichagua Krismasi, kwa sababu, alisema, siku hiyo hakuna anayekusahau. Aliondoka na mfuko wa unga na mafungu mawili makubwa ya nyuzi za mkonge.

Mimi nilibaki sokoni, nikipima maharagwe vibaya na kukaripiwa na wanawake wa umri wa mama yangu.

Kisha simu ya maandishi ikafika ofisini: mkonge wake umezuiwa forodhani, wenyeji wanaogopa wadudu. Mkubwa alishika kichwa. Nilijilaumu mimi niliyemtuma mama wa watu ng'ambo akakae bure mbele ya mataifa. Siku nne tulikaa bila habari, kisha tukaambiwa tu kwamba mama anasuka.

Yaliyotokea nilisimuliwa naye mwenyewe aliporudi, chumbani kwake, akinimiminia chai.

"Nilikaa hapo siku moja na mikono mitupu, wageni wakinipita kwenda kuangalia simba ya kukaushwa. Nikasema, hapana. Nikaenda nyuma ya banda. Unajua nini nilipata? Yale masanduku yetu yalifungwa na kamba ya mkonge! Ya kwetu kabisa. Nikafungua zote."

Alizifumua zile kamba, akazisokota upya juu ya paja, akaanza kusuka. Watu walijaa hadi askari akaletwa kupanga foleni. Siku ya tatu, alisema, bibi kizee mmoja wa Kijapani alivua viatu, akaketi kando yake na kuanza kusokota kamba ya majani ya mpunga, bila neno. Alirudi karibu kila siku hadi maonyesho yalipofungwa.

"Mliongea lugha gani?"

"Yeye yake, mimi yangu. Alikuwa akinicheka nikikosea."

Nikamweleza ukweli, kwamba nilitaka sana kwenda, na kwamba nilimwonea wivu. Aliweka kikombe chini.

"Mbona hukusema? Ningewaambia nahitaji wa kunishikia nyuzi."

Mkubwa hakusahau ni nani aliyemtaja mama yule. Maonyesho mengine yalipokuja, alinitoa kwenye mashine ya taipu, akanipa gari la ofisi na daftari tupu. "Nenda utafute watu," alisema. Nilianzia soko la Dagoretti, kwa fundi mmoja wa ngozi ambaye, alipoona gari la serikali, alidhani nimekuja kumkamata.