Wawili Hawatoshi

Charlotte alikuwa mwanamke wa kukasirika upesi, na mwaka ule wa 2003 ulimpa sababu kila asubuhi. Mzaliwa wa Aru, aliingia kwa masista akiwa na miaka kumi na tisa, wakamrudisha nyumbani kabla ya nadhiri kwa ajili ya kifua chake kibovu. Kusali unaweza, walimwambia, kazi hauwezi. Kazi! Miaka ishirini baadaye, vita vilipoingia Bunia na kila mwenye miguu akakimbia, huyo mwenye kifua kibovu ndiye aliyebaki mtaani Mbunya, akiwabeba mgongoni wazee walioachwa majumbani.

Walikuwa saba. Wawili vipofu, mmoja amepooza, waliobaki walikuwa na uzee tu, na uzee hauna dawa. Aliwalaza sebuleni kwake juu ya mikeka. Wakaja wanawake wawili kumsaidia: Joëlle, mjane mpole asiyejua kusema hapana, na Prudence, mwalimu wa shule iliyofungwa, mwenye mikono ya nguvu na ulimi mkali. Walisali pamoja, wakala chungu kimoja na wazee, wakaogesha, wakazika. Charlotte akaanza kutamani kitu kimoja: wawe jumuiya ya kweli, yenye jina na ahadi, ili siku yeye akifa kazi isife naye. Alishaona mema mengi yakizikwa pamoja na aliyeyaanzisha.

Abbé Fulgence, padri wa parokia, alimwelewa.

"Mashirika yote makubwa yalianza hivi, mama. Mutu moja, chumba moja, wagonjwa wasiokuwa na mwenyewe. Lakini chini kabisa ni watatu. Wawili ni marafiki tu. Mukuje dimanche, mutoe ahadi mbele ya watu."

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo alifika kikongwe mmoja, Koko Angélique, akijiburuta, mguu umeoza kwa kidonda. Aliposalimu tu, wote mle ndani walitambua kwa lafudhi yake ametoka upande gani wa vita. Watu wa upande huo ndio waliomuua kaka yake Prudence shambani, mwezi wa pili.

"Kama anaingia, miye natoka," Prudence akasema.

"Ni muzee, Prudence," Charlotte akasema. "Hata panga hawezi kuinua."

"Watoto yake waliinua."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na bado moyo ulimchemka Charlotte: kwa nini leo? Kikongwe angeshindwa nini kuja Jumatatu? Alikaribia kabisa kumwambia arudi baada ya siku nne, kisha akajisikia aibu. Alikuwa anataka kuanzisha nyumba ya walioachwa, na kwa ajili ya nyumba hiyo amwache mtu mlangoni! Akamshika Koko makwapani, akamwingiza. Prudence alikaza kitenge chake kiunoni, akatoka.

Jumapili Abbé aliwatazama, akahesabu.

"Muko wawili, mama."

"Na wale wa zamani walioanza mashirika, Abbé? Walingoja kuhesabiwa kwanza ndio wabebe mugonjwa?"

"Miye sikuandika sheria."

Basi ahadi haikutolewa. Joëlle alilia. Charlotte alirudi nyumbani akafua mashuka kwa hasira mpaka moja likachanika, na mashuka yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Koko Angélique naye, badala ya asante, alinung'unika kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi.

"Kula ama uache!" Charlotte alifoka. Kisha akaenda kwa jirani kuomba chumvi.

Jumanne asubuhi Prudence alisimama nje, bidon ya maji kichwani. Bomba la mtaa lilikuwa limekufa tangu vita, na kutoka chemchemi hadi pale ni mlima wa kukata pumzi. Aliitua mlangoni, mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Ni ya wazee yangu. Ule wenu asikunywe hata tone."

Mtu mwerevu angeitikia, angoje Prudence aondoke, anyweshe amtakaye. Charlotte hakujaliwa werevu wa namna hiyo. Alichota kikombe papo hapo, akaenda kumnywesha Koko Angélique mkekani, mlango wazi. Prudence alitazama mpaka kikombe kikaisha. Akatema mate chini, akashuka zake barabarani.

Siku nzima Charlotte alijilaumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa ukaidi wake alikuwa amemfukuza mara ya pili yule yule aliyemhitaji awe wa tatu, na Abbé hangebadili hesabu yake kwa sababu ya machozi ya mtu. Alimlaumu Prudence, akamlaumu Abbé, na wakati wa kusali akamlaumu Mungu pia, kwa sauti, wazee wakisikia.

Jumatano alipofungua mlango, bidon ilikuwa pale pale, imejaa tena. Alhamisi pia. Prudence hakuingia, na katika daftari la Abbé Fulgence walibaki wawili. Lakini Prudence hakusema tena nani anywe na nani asinywe.