Kurasa Mbili za Mama Ngalula

Kilichoninyima usingizi mwaka ule kilikuwa swali dogo: tangu niingie chuo, nilisoma kitabu gani mpaka mwisho? Nilihesabu, nikarudia kuhesabu. Nilipata syllabus, zile nakala za masomo tunazopewa na maprofesa, na nyingine nilizijua kwa moyo. Nilipata mémoire yangu, kazi ya kumalizia chuo, yenye nukuu nyingi zilizosifiwa. Nukuu hizo nilizitoa katika mémoire za waliotangulia, nao sijui walizitoa wapi. Kitabu kizima sikukipata.

Na kazi niliyoajiriwa ilikuwa ya bibliothèque, ya kutunza maktaba.

Ninyi mnaomaliza chuo sasa, niwaeleze kazi hiyo ilivyo. Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu kwenye ukumbi wa kusomea wa parokia, Makomeno: rafu za mbao, meza nne, madirisha marefu. Msimamizi, Mama Ngalula, alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kamati ya parokia ilikuwa imesema wazi: akiondoka bila mtu wa kufaa kumrithi, vitabu vitafungwa kwenye makasha na ukumbi utawekwa viti vya sherehe. Mtu huyo nilitarajiwa kuwa mimi.

Hakuniuliza diploma. Alinionyesha fiche, kadi ndogo inayokaa ndani ya kila kitabu na kubaki mezani kitabu kinapoazimwa. Alinionyesha rejista ya wasomaji. Mwisho akanipeleka kwenye ubao mweusi uliosimama nje, kando ya mlango.

"Kila asubui tunaandika hapa sentensi moja ya kitabu," alisema. "Jina ya kitabu hapana. Muntu akitaka kujua, aingie aulize."

"Na nani anaichagua, Mama?"

"Ule mwenye kuweza kuelezea ukurasa wa mbele yake na ukurasa wa nyuma yake. Kama hawezi, asiguse choki."

Kwetu, ukurasa wa mbele ni ule unaotangulia, na wa nyuma ni ule unaofuata. Niliitikia kama mtu mwenye kurasa elfu kichwani. Nilifikiri nimwambie ukweli. Kisha nikafikiri namna atakavyonitazama, kisha nikafikiri kwamba labda hataniuliza, na kwa kufikiri hivyo wiki mbili zikapita.

Wiki ya tatu Mama Ngalula alishikwa na homa, nikabaki peke yangu. Ubao ulikuwa mtupu. Nilifungua mémoire yangu na kunakili sentensi iliyofunga sura ya pili, ile ya kusifu uvumilivu. Niliandika kwa herufi kubwa, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilipendeza.

Aliyeingia kwanza alikuwa Papa Kasongo, fundi mstaafu wa reli, kofia mkononi.

"Bwana licencié," aliniita kwa digrii yangu, "ile maneno ya uvumilivu iko mu kitabu gani?"

Kwa bahati riwaya yenyewe ilikuwa kwenye rafu. Nilimkabidhi nikamwambia kwamba mwandishi wake anatufundisha kuvumilia. Akatia sahihi kwenye fiche.

Alirudi baada ya siku tano. Mama Ngalula alikuwa amepona, ameketi mahali pake. Papa Kasongo aliweka riwaya mezani, akavua miwani.

"Mama Ngalula, huyu mutoto wako iko na mambo. Ule mwenye kusema ile maneno muzuri njo mwizi. Anamwambia mujane avumilie, angoje, na yeye anamunyanganya mashamba."

Mama Ngalula alinigeukia. "Ukurasa wa mbele kuko nini?"

Nilinyoosha mkono kuichukua riwaya; akaifunika kwa kiganja.

"Na wa nyuma?"

"Mama, sijasoma."

"Na mu mémoire yako uliiweka?" aliuliza Papa Kasongo.

"Ndiyo, Papa. Mwisho wa sura ya pili."

"Na baprofesa?"

"Walipiga makofi."

Papa Kasongo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Mama Ngalula hakucheka. Alivuta kiti akakiweka dirishani.

"Ikaa hapa. Kazi yako sasa ni kusoma. Ukimaliza, tutaongea ya choki."

Siku mbili za kwanza nilisoma kama mtu anayetafuta jibu la mtihani. Siku ya tatu, mjane alipofunga mlango wake kwa kamba, nilisahau kwamba nimeadhibiwa. Na hapo nikamkumbuka nkambo wangu wa Pweto, mama wa baba. Aliuza samaki wakavu na kuwafunga kwa kurasa zilizochanwa kutoka vitabu vikuukuu. Nilikuwa nasoma kila ukurasa kabla haujafunga samaki, na wateja walinung'unika. Nkambo aliwaambia, "Mungoje kwanza, mutoto amalize." Ukurasa uliokuwa mbele na uliokuwa nyuma ulikuwa umekwenda na samaki wa mtu mwingine, nami nilibaki nikiwaza siku nzima. Njaa ile niliipoteza chuoni. Niliikuta dirishani, Makomeno.

Nilimaliza. Nikachukua kingine, na kingine. Mwezi wa nne Mama Ngalula alinipa choki.

Mwaka wake ulipoisha, siku ya kumuaga, ukumbi ulijaa. Kampuni moja ya mtaa wa Golf ilikuwa imeniita kuandika ripoti zake, na barua yao ilikuwa mfukoni, haijajibiwa. Bado nilijiuliza kama ninafaa. Mama Ngalula alinyoosha choki mbele ya kamati nzima.

Kwenye ubao, ulioingizwa ndani siku hiyo, niliandika sentensi ile ile ya uvumilivu. Papa Kasongo akaanza kukohoa.

Nikasimulia ukurasa wa mbele: mjane anachambua maharagwe, na mtu mwenye viatu safi mno anaingia bila kubisha. Nikasimulia ukurasa wa nyuma: mjane anamwaga maharagwe yote, anajifunga kitenge, anaelekea mwenyewe kwa chifu. Nikasema pia kwamba niliwahi kuiandika hapo nje bila kujua ni ya mwizi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa kamati aliinama mbele. "Na mashamba, alirudishiwa?"

"Prezida," alisema Mama Ngalula, "kitabu kiko ku rafu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alitia sahihi kwenye fiche, ya kwanza katika maisha yake, na nyuma yake watu saba wakajiandikisha kukingoja. Mama Ngalula alichukua ufunguo, akauweka juu ya rejista, mbele yangu.

Jumatatu nilipita Golf kwa mguu nikaacha jibu langu: hapana, na asante. Saa moja na nusu nilifungua ukumbi, nikatoa ubao nje, nikaandika sentensi ya kitabu nilichomaliza Jumapili.

Mama Ngalula alikuja mapema, mkoba mkononi, kama msomaji wa kawaida. Alisoma ubao taratibu.

"Ukurasa wa mbele?"

Nikamsimulia.

"Na wa nyuma?"

"Ingia, Mama," nilisema. "Usome."