Nilivyoenda kuposa Fort Worth na kofia ya cowboy kichwani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Leo sileti chai, haya ni maisha yangu mwenyewe na mhusika mkuu nipo hai, bado najificha.

Naanza na aibu yenyewe ili mcheke mapema tuendelee.

Nilienda kuposa nimevaa kofia ya cowboy. Mzee wa nyumba akaomba sala ya chakula, wote wakainamisha vichwa, mimi kofia sikuivua. Na sikusahau, wakuu. Niliamua.

Sasa tulieni niwaeleze.

Mimi ni mtoto wa Kahama, shule niliishia form two. Sikufukuzwa, tuliachana kwa amani. Babu alikuwa na ng'ombe na kazi yangu ilikuwa kuchunga. Lakini kulikuwa na kibanda cha video karibu na stendi, wanaonyesha filamu za cowboy. Kwa hiyo mimi nilikuwa natoroka kuchunga ng'ombe ili nikaangalie watu wanaochunga ng'ombe. Babu alinichapa kwa hilo, na mpaka leo sina utetezi.

Kizungu tulikuwa hatukijui. Kulikuwa na jamaa mmoja anasimama pembeni ya TV anatutafsiria, tukimwita Dokta. Baadaye sana nimekuja kugundua Dokta naye Kizungu alikuwa hajui, alikuwa anatunga. Na katika kutunga kwake alitufundisha kitu kimoja nikakishika kama amri: cowboy akivua kofia kwenye nyumba ya mtu, amekubali kushindwa.

Wekeni hiyo akilini.

Miaka ya mwanzoni mwa 2000 nikawa Texas, naishi Stafford kule Houston, nafanya kazi kiwanda cha plastiki. Kwenye harusi ya Wakenya fulani nikakutana na Neema, Mkongo wa Uvira, anatunza wazee kwenye nursing home Fort Worth. Tukaelewana. Mwaka mzima kila off yangu nipo barabarani, masaa manne kwenda na manne kurudi, gari yenyewe haina AC.

Neema alilelewa na mjomba wake, Mzee Byamungu. Walitoka naye vitani, wakapita naye kambini, wakaja naye Marekani. Neema aliniambia wazi kwamba mjomba akisema hapana, basi ni hapana, yeye hawezi kumvuka. Na kwamba kabla yangu alishakuja accountant mmoja kutoka mji wa Katy, ana digrii na nyumba mpya, mzee akamwambia asante kwa kututembelea.

Accountant! Na mimi nina form two yangu tu.

Ndipo akili ikanituma nikanunue kofia. Kofia nyeupe, buti zilizochongoka, na mkanda wenye buckle kubwa kama sahani ya chai. Niliwaza hivi: hii ni Texas, na Texas mwanaume ni cowboy. Digrii sina, basi angalau nionekane mwanaume kamili.

Mshenga wangu alikuwa Otieno, Mkenya, room-mate wangu, mwanafunzi wa nursing. Aliponiona natoka chumbani aliniangalia kuanzia chini mpaka juu, akaniuliza kama farasi nimempaki wapi. Nikawasha gari.

Fort Worth tukapanda ghorofa ya pili. Mzee amekaa, kavaa suti, mwembamba, hana maneno mengi. Na TV imewashwa, sauti imezimwa.

Wakuu, ilikuwa filamu ya cowboy.

Neema hakuwahi kuniambia kuwa mjomba wake anaangalia hizo filamu kila siku akitoka warehouse. Moyoni nikasema nimeshaoa.

Chakula kikaja, ugali wa muhogo, sombe (yaani kisamvu) na samaki. Mzee akasimama kuomba. Nikamkumbuka Dokta. Nikashika msimamo.

Ile sala ilikuwa ndefu jamani. Waliombewa wagonjwa, wakaombewa waliobaki Kongo mmoja mmoja kwa majina. Otieno alinikanyaga mguu mara mbili. Nikafungua jicho moja, nikakuta Neema ananiangalia machozi yamemlengalenga. Hapo nilijua nimechemka, lakini kuvua katikati ya sala nikaona ni aibu zaidi. Nikafika nayo mpaka amina.

Tukala, mimi macho yote kwenye miba ya samaki.

Baadaye mzee akaniuliza kama nazipenda hizo filamu. Nikasema tangu mtoto. Akauliza huwa naangalia nini ndani yake. Nikamwambia mwanaume mmoja, hamwogopi mtu, anaingia mji mzima peke yake.

Akatikisa kichwa taratibu.

"Miye naangaliaka ngombe," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Nilikuwa na ngombe makumi inne kule kwetu. Kila siku nangojea nione mutu anakamua. Hakuna. Banaacha ngombe, banaenda kupigana mu baa. Hiyo ni muchungaji gani?"

Nilitaka kucheka nikajizuia.

Kwenye TV wale wenye manyoya kichwani walikuwa wanaanguka kutoka kwenye farasi, kama kawaida. Akanyoosha kidole.

"Na bale. Nyumba yabo ilikuwa wapi? Batoto babo balilala wapi ile siku? Filamu inaisha, hakuna mutu anauliza."

Wakuu, mimi kibandani nilikuwa napiga makofi wale watu wakianguka. Kibanda kizima tulikuwa tunapiga makofi, sisi weusi tititi. Halafu nipo mbele ya mzee aliyekimbia vita kwao chakula kikiwa bado jikoni.

Nikavua kofia. Hakuna aliyeniambia.

Sikujua pa kuiweka, nikaikalia.

Akauliza kama nimewahi kuchunga. Nikaona uongo umeisha, nikamwambia ukweli wote, babu, kutoroka, fimbo. Wakati huo kwenye TV wanaswaga kundi la ng'ombe, na mdomo ukanitoka wenyewe: yule mwekundu wa nyuma ana mimba kubwa, si wa kukimbizwa vile, ataharibu mimba.

Mzee akasogea mbele kwenye kiti. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwelekeza ubavu na mwendo wake. Basi tukaenda nayo zaidi ya saa nzima, kupe, chumvi, ng'ombe anayekataa ndama. Vitu ambavyo tangu nimefika Marekani nilikuwa navificha nisionekane mshamba.

Tulipoaga akarudi kwenye jambo lenyewe. Kwa nini sikuheshimu sala? Nikamweleza habari za Dokta. Mke wa mzee, aliyekuwa amekaa pembeni, alicheka mpaka akaenda jikoni. Mzee hakucheka.

"Kurudia hapa utarudia," akasema. "Lakini ukuye na kichwa yako tu."

Nilirudi baada ya wiki tatu, kichwa wazi, shati la kawaida, viatu vya kanisani. Akakubali. Leo na Neema tuna watoto watatu.

Nilichojifunza ni kwamba filamu inakuchagulia mtu wa kumwangalia, na wewe unamfuata tu. Mimi nilifuata kofia miaka yote, mzee akawa anafuata ng'ombe na wale walioanguka. TV ile ile.

Na kile ulichokuwa unakionea aibu, wakati mwingine ndicho pekee unachokijua kweli.

Waliopita vibanda vya video nawasubiri hapo chini. Nyie mlikuwa upande wa nani? Matusi ya kofia nimeshayazoea, msihangaike.

Namalizia na Otieno. Siku ile ya kwanza tunarudi Houston, alinyamaza mpaka tumeshapita mji wa Corsicana. Si kawaida yake, nikajua amekasirika. Halafu akaongea huku anaangalia dirishani.

"Buda, sisi tukicheza cowboy kwetu, mimi ndio nilikuwa nawekwa Red Indian kila siku, juu ya vile nilikuwa mdogo. Nimekufa mara mob sana. Leo ndio mara ya kwanza nasikia mtu akiuliza kwetu kulikuwa wapi."